Je, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anaweza kufanya kazi ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa pili, nasoma uhusiano wa kimataifa. Natamani kazi ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, lakini wenzangu wanasema bila fizikia napoteza muda. Nihame kozi?

JIBU: Marahaba. Usihame. Kazi hii inahitaji wanafizikia na wakemia, lakini pia wanasheria, wachambuzi wa picha za satelaiti na watu wa siasa kama wewe. Wengi wa upande wako hukwama kwa kuogopa namba tu.

Anza na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia wenyewe, uliofunguliwa kutiwa saini 1968 na kuanza kutumika 1970. Una vifungu 11, unausoma jioni moja. Kaa sana na kifungu cha tatu, kinachozitaka nchi zisizo na silaha hizo zikubali ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Kisha soma Itifaki ya Ziada ya 1997, nyongeza inayowapa wakaguzi haki ya kuona zaidi, na utafute kwa nini ilihitajika. Utafika Iraq: baada ya vita vya 1991 uliibuka mradi wa siri ambao wakaguzi hawakuuona, kwa kuwa walizoea kukagua maeneo yaliyotangazwa.

Sasa namba. Katika urani ya asili, kwa kila atomu moja ya isotopu (aina ya atomu) 235, ile inayotumika kwenye mafuta na silaha, zipo kama 140 za 238. Ukirutubisha, yaani ukiondoa za 238 ili sehemu ya 235 ipande, hadi asilimia 5, kiwango cha mafuta ya vinu vingi vya umeme, kwa kila moja ya 235 zimebaki 19 za 238. Kwenye asilimia 60 haifiki hata moja. Maana yake, sehemu kubwa ya kazi ya kufika asilimia 90, kiwango cha silaha, imekwisha mapema sana. Asiyejua hili atasikiliza mabishano kuhusu urutubishaji wa urani wa Iran bila kuelewa wanachogombania. Hesabu yenyewe ni ya sekondari.

Jifunze pia mkaguzi anafanya nini. Sehemu kubwa ni uhasibu: kulinganisha vitabu vya hesabu na mali ya nyuklia iliyopo, akijua kwamba kilo 8 za plutoni, metali nyingine ya kutengenezea silaha, huhesabiwa kuwa zinaweza kutosha bomu moja. Mara nyingine anapangusa meza au bomba kwa kitambaa cha pamba, anakifunga kwenye mifuko, na maabara inasoma chembe zilizonaswa. Usafi wa ukumbi haufuti chembe zote.

Lugha ya pili ya Umoja wa Mataifa itakubeba. Mimi ningechagua Kirusi, nyaraka zake ni nyingi.

Kuhusu nafasi: jiunge na kundi la vijana la shirika la mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, lililoanzishwa 2016. Ukiwa mwanamke na ukifika shahada ya uzamili, angalia ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, unaogusa hata fani hii. Ukiomba mafunzo kazini, ambatisha uchambuzi wako wa kurasa mbili wa ripoti moja ya ukaguzi iliyo wazi kwa umma. Mimi ningeusoma huo kabla ya cheti chako.