Binti anakimbia vizuri, hedhi imekata

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 16, anakimbia mita 3,000. Hedhi yake ilikuwa ikija vizuri, sasa ni mwezi wa tano haioni. Kocha anasema ni dalili kwamba mazoezi yamemkolea. Anakula, na uzito haujapungua. Nimpe vidonge vya kuirudisha?

JIBU: Marahaba, mama. Vidonge viweke kando kwanza. Na kocha, bila kumvunjia heshima, hapo kakosea. Msichana aliyekwisha kuzoea hedhi akiikosa miezi mitatu mfululizo anapelekwa hospitali, awe mkimbiaji au asiwe. Kipimo cha kwanza kitakuwa cha mimba. Usichukie, ndio utaratibu. Kisha atapimwa tezi ya shingo, homoni ya prolaktini na ovari.

Vyote vikitoka salama, turudi kwenye chakula. Najua umesema anakula, ila tupige hesabu. Tuseme ana kilo 50, na 10 kati ya hizo ni mafuta. Anakula kalori 1,900 kwa siku, mazoezi yanachoma 700. Zinabaki 1,200 za kuendesha moyo, ubongo, kimo kinachoongezeka na hedhi. Zigawe kwa zile kilo 40 zisizo mafuta: kalori 30 kwa kilo, wakati mwili ulioshiba hupata kama 45. Kwenye 30 na kushuka, ubongo mara nyingi hupunguza homoni zinazoamsha ovari, estrojeni (homoni ya kike inayotoka kwenye ovari) inashuka, hedhi inakata. Ukitazama sahani yake huoni kasoro, kwa sababu ingemtosha msichana asiyekimbia. Uzito nao unaweza kukaa palepale, maana mwili umeshabana matumizi. Kwa hiyo mizani usiitegemee.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mifupa. Umri huu ndio wa kuijenga, na bila estrojeni ya kutosha hujengeka hafifu. Muulize kama anaumwa muundi au unyayo. Akikuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, "hapa tu", na pakibonyezwa anashtuka, asimamishe kukimbia. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi isiwatulize. Maumivu ya kinena wakati wa kukimbia hayasubiri hata kesho.

Vidonge vya uzazi wa mpango vitamletea damu kila mwezi, nawe utafurahi bure. Damu hiyo inatoka kwa sababu ya homoni za kidonge. Ovari bado zimelala, mifupa haijapata kinga ya kutegemewa, na dalili pekee mliyokuwa nayo imefichwa.

Dawa yake ni kuongeza kalori 300 hadi 600 kwa siku na kupunguza kilomita kwa muda. Asikimbie asubuhi tumbo tupu, na akimaliza ale ndani ya saa moja, hata kama hasikii njaa (mazoezi makali huiua njaa). Hedhi huchukua miezi kurudi, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya tatu.

Kocha mwambie mapema, na umwombe asimpime uzito mbele ya wenzake. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inautambua upungufu huu wa nishati kuwa tatizo la kiafya la wanamichezo, wavulana wakiwemo. Akibisha, mwonyeshe hilo.