Jibu: Mbona nashuka mno nikitua Entebbe alfajiri?

Habari dada. Unauliza mbona ukirudi Entebbe alfajiri, baada ya kuruka usiku kucha, unajikuta chini mno. Anza na taa za PAPI, zile nne kando ya njia ya kutua zinazoonyesha kama uko juu au chini: mbili nyeupe, mbili nyekundu, uko sawa; zikiwa tatu nyekundu, umeshuka mno. Giza la ziwa humfanya rubani ajione yuko juu, naye hushusha pua, na mwili uliochoka haushtuki. Mimi humwambia mwenzangu mapema, "Nimechoka, nisimamie vipimo." Umefika futi 1,000 na kasi au mshuko wa ndege haujatulia? Paa tena, hata ukiwa umeona uwanja! Kumbuka ajali ya Air India Express kule Mangalore, India, mwaka 2010: nahodha alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari. Msaidizi wake akamwambia apae tena, lakini nahodha akaendelea kutua. Walikufa watu 158. Ukisinzia angani kwa zamu, amka mapema kabla ya kuanza kushuka.