Ringi za kaboni za baiskeli: kina cha milimita 50 au 80?
Chukua za milimita 50, hasa mbele. Ringi ya 80 inashika upepo wa ubavuni na usukani unavutwa ghafla mkononi. Lori likikupita kwa kasi ndipo utaelewa. Nyuma unaweza kupandisha hadi 60 au zaidi, maana gurudumu lile haligeuki na usukani.

Ila kama breki zako zinabana ringi yenyewe, weka pedi maalumu za kaboni, na kwenye mteremko mrefu usizishikilie mfululizo: bana, achia, bana. Joto likizidi hulainisha gundi inayoshikanisha kaboni, kingo zinazoshika tairi zinapanuka na tyubu inapasuka. Ukiwa na breki za diski, hofu hiyo haipo kabisa.