Re: Homa na mafua, mtoto wa mwaka na nusu

Pole dada, usiku wa homa ni mrefu. Umeuliza kama umwogeshe maji baridi na umpe amoksilini iliyobaki. Yote mawili hapana. Maji baridi yatamtetemesha tu; mvue sweta, abaki na nguo nyepesi. Mafua yanaletwa na virusi, antibayotiki kama amoksilini haiwagusi. Mpe parasetamo ya maji kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Mnyonyeshe mara kwa mara. Asubuhi mpeleke akapimwe malaria, hata kama kamasi zinamtiririka. Akipumua haraka, kifua kikibonyea chini ya mbavu, akipata degedege au akikataa kunyonya, ondokeni usiku huohuo kwenda hospitali.