Nyufa za tangi: plasta ingoje

SWALI: Shikamoo mhandisi. Tangi letu la zege hapa Tengeru, Arusha, lina nyufa kama utando wa buibui, zinatoa ute mweupe. Fundi anataka kupiga plasta. Tukubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikubali bado. Naumia kuona familia zikimwaga pesa kwenye plasta huku zege linaumwa ndani. Kokoto nyingine zina silika (madini ya mawe na mchanga) isiyotulia, mathalani opali au kioo cha volkano. Alkali ya saruji, kemikali kali kama ya magadi, huishambulia. Hutokea ute unaofyonza maji, unavimba, unapasua zege. Mhandisi Thomas Stanton alilieleza jambo hili Marekani mwaka 1940. Unyevu ndio huliendesha, na tangi halikauki! Nyufa zina sababu nyingi, kwa hiyo kipande cha zege kikatwe, kipimwe maabara. Mkijenga jingine, pimeni kokoto kwanza, mtumie saruji yenye pozolana (unga kama majivu ya volkano) ya kutosha.