Barua kwa mwanangu: Nobel hakuwa na mke

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu. Swali ulilonitumia nimeona nilijibu kwa barua, maana kwenye simu lingekatika katikati. Umesema wenzako wa hosteli wanasimulia kwamba hisabati haina Tuzo ya Nobel kwa sababu mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimchukulia Nobel mke. Unataka kujua kama ni kweli, na kama si kweli, huyo Mittag-Leffler alikuwa nani hasa.

Si kweli. Alfred Nobel hakuoa hadi anakufa. Wosia wake ulioanzisha tuzo hizo aliutia saini Paris tarehe 27 Novemba 1895, akataja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani, basi. Uvumi huo unaniudhi, binti yangu, kwa sababu umemfunika mtu ambaye mwanafunzi wa hisabati kama wewe anapaswa kumjua vizuri.

Mittag-Leffler alizaliwa Stockholm mwaka 1846. Baba yake alikuwa Leffler, mwalimu. Mittag ni jina la upande wa mama, aliliongeza mwenyewe ujanani. Alisoma Chuo Kikuu cha Uppsala, akapata udaktari 1872, kisha akaenda Paris kwa mwanahisabati Charles Hermite. Hapo Hermite akamwambia kwamba angefanya vyema kwenda Berlin kumsikiliza mwanahisabati Mjerumani Weierstrass, kwani huyo ndiye mwalimu wao wote. Mfaransa kusema hivyo, na vita vyao na Wajerumani vimeisha juzijuzi tu! Akaenda. Mwaka 1877 akawa profesa Helsinki, na 1881 akarudi kwao kufundisha katika chuo kipya cha Stockholm.

Theoremu inayobeba jina lake imetokana na masomo ya Weierstrass. Chukua kalamu. Unataka fomula ambayo thamani yake inapaa bila mwisho x ikikaribia 1, 2, 3 na kuendelea, lakini kwingine kote imetulia. Utaanza kujumlisha 1/(x−1) + 1/(x−2) + 1/(x−3) bila kukoma. Weka x = 0, uone: unabaki na 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea, yenye alama ya kutoa, nayo haina kikomo. Umekwama. Sasa kipande cha kwanza kiongezee 1, cha pili 1/2, cha tatu 1/3. Kipande cha n kinakuwa x/(n(x−n)), ambacho kinapungua kwa kasi ya 1/n², na jumla inatulia. Zile sehemu za kupaa hazijaguswa. Mittag-Leffler alithibitisha kwamba hata nukta ukizichagua upendavyo, mradi zisirundikane mahali pamoja, marekebisho ya namna hii hayakosekani. Mimi naipenda sana hiyo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kuhangaikia kazi za wengine. Mwaka 1882 alianzisha jarida la Acta Mathematica, na Wafaransa na Wajerumani, waliokuwa hawaivi, wakachapishwa humo pamoja. Kurasa za kwanza alimpa mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, kijana wa miaka 28. Georg Cantor naye, mwanahisabati wa Ujerumani ambaye wengi walimkataa, alitafsiriwa kwa Kifaransa humo. Kwa Cantor lakini Mittag-Leffler hakufika mwisho: mwaka 1885 alimwomba aondoe makala yake moja, eti imewahi kwa karibu miaka mia. Cantor aliumia, na sioni kosa lake kuumia.

Sasa habari ya Sofia Kovalevskaya. Huyu alikuwa mwanahisabati Mrusi. Chuo Kikuu cha Berlin hakikupokea wanawake, kwa hiyo Weierstrass alimfundisha faragha, na udaktari wake ukatolewa na Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1874. Baada ya hapo, hakuna chuo kilichompa kazi. Mittag-Leffler akampigania Stockholm. Alifika mwishoni mwa 1883, mjane mwenye mtoto mdogo wa kike, na mwanzoni hakuwa na mshahara wa chuo. Alitegemea ada za wanafunzi wake. Mwaka uliofuata akapewa uprofesa wa miaka mitano. Mwaka 1888 akashinda tuzo ya Bordin ya Akademia ya Sayansi ya Paris kwa kazi ya mwendo wa kitu kinachozunguka kama pia ya kuchezea watoto, na waamuzi wakaipandisha tuzo kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Mwaka 1889 uprofesa ukawa wa kudumu. Nimonia ilimuua Februari 1891, ana miaka 41 tu.

Mittag-Leffler hakuacha tabia hiyo uzeeni. Mwaka 1903 kamati ya Nobel ya fizikia ilikuwa inawafikiria wanafizikia Becquerel na Pierre Curie peke yao. Yeye, akiwa mjumbe wa Akademia ya Sayansi ya Sweden, akamwandikia Pierre kumjulisha. Pierre akajibu kwamba anataka afikiriwe pamoja na mkewe. Ndivyo Marie Curie alivyoingizwa kwenye tuzo ile.

Mittag-Leffler na mkewe Signe hawakupata mtoto. Mwaka 1916 waliandika wosia kwamba nyumba yao ya Djursholm, karibu na Stockholm, pamoja na maktaba yake kubwa, iwe taasisi ya hisabati. Alifariki 1927. Mpaka leo wanahisabati wa nchi mbalimbali hualikwa kukaa pale na kufanya utafiti. Ukimaliza uzamivu, omba nafasi. Nitakusaidia kusoma barua yako ya maombi kabla hujaituma.

Mimi mama yako.