Mume anayekimbilia barazani kila mkitaka kuzungumza
Dada wa Wete, umeuliza kama mume anayenyamaza na kutoka kila ukitaja ya moyoni anaweza kubadilika. Anaweza, lakini usimfuate mlangoni. Ukimsukuma hujifunga zaidi. Aghalabu mtu wa hivi kajifunza tangu utotoni kuwa kuhitaji watu hakuleti faraja. Akitaka kutoka, ataje muda: "Nipe nusu saa," kisha arudi kweli. Kurudi ndiko kugumu, na ndiko kunakotibu.

Akienda kwa mshauri nasaha, mumeo aanze kutaja anachohisi mwilini, kifua kubana au taya kukaza, kabla ya kuulizwa hisia. Baadhi huacha vikao khasa wanapoanza kumzoea mshauri. Yeye na mshauri wakubaliane mapema: akitaka kuacha, aje kikao kimoja zaidi alizungumze hilo. Kama anakupiga au kukutisha, hilo jambo jengine. Tafuta usalama kwanza.